Kuingia Ndani ya Milima ya Rocky kwa Gari au kwa Farasi: Mwongozo Kamili wa Mwindaji

Dume la wapiti lililokomaa, mnyama wa jamii ya kulungu anayekaribia farasi kwa kimo, lina kilo 300 na ushei. Ukilichuna na kutenga mifupa, unabaki na nyama ya kilo 90 hadi 115, na hapo hujahesabu kichwa na pembe. Mtu mwenye nguvu anabeba kilo 25 hadi 30 kwenye mteremko wenye mawe na magogo, kwa hiyo ni mizigo minne. Mnyama akiangukia kilomita 5 kutoka barabarani, utatoka na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu. Jumla ni kilomita 35, huku jua la Septemba likiichemsha nyama inayokusubiri.

Ndiyo maana safari ya kuwinda milimani hupangwa kuanzia mwisho. Jiulize kwanza nyama itatokaje, kisha wewe utaingiaje. Wengi huanza na gari wanalolitamani, au na farasi waliyemwona pichani, halafu hesabu ya kilo inawakuta huko juu usiku.

Mwongozo huu ni wa Milima ya Rocky upande wa Marekani: Colorado, Wyoming, Montana na Idaho. Huko sehemu kubwa ya milima ni ardhi ya umma, na mtu mwenye leseni ya jimbo haombi ruhusa ya mwenye shamba ili aingie. Lakini ardhi ya umma ina madaraja yake, na daraja ndilo linaloamua kama utaingia kwa tairi au kwa kwato.

Hatua ya 1: Soma ramani kwa jicho la sheria

Misitu ya taifa iko chini ya Shirika la Misitu la Marekani. Nyanda na vilima vingi vya chini viko chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi, inayojulikana kwa kifupi kama BLM. Hifadhi za taifa kama Yellowstone na Rocky Mountain haziruhusu uwindaji, na wapiti wa jirani wanaujua mpaka wake kuliko wageni wengi.

Ndani ya misitu ya taifa kuna maeneo ya nyika yaliyotengwa kwa sheria ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliitia saini tarehe 3 Septemba 1964. Humo haliingii gari, pikipiki, wala baiskeli. Hata mkokoteni wa mkono wa kuvutia nyama haukubaliwi, kwa sababu una gurudumu, na msumeno wa injini haukubaliwi kwa sababu una injini. Miguu na wanyama wa mizigo ndio wenye njia. Maeneo haya si vipande vidogo: Frank Church–River of No Return huko Idaho lina zaidi ya ekari milioni 2.3, na Bob Marshall huko Montana linapita ekari milioni moja. Mtu akikuambia anaenda kuwinda kwa gari katikati ya Bob Marshall, hajaifungua ramani.

Nje ya maeneo hayo, kila msitu wa taifa una ramani rasmi ya matumizi ya magari, utaratibu uliotokana na kanuni ya mwaka 2005. Ramani hiyo ni ya bure, haina urembo wowote, na ndiyo sheria yenyewe. Barabara isiyoonekana ndani yake imefungwa kwa magari, hata kama pale mlimani hakuna kibao wala geti na alama za tairi za watu wengine zimejaa. Soma pia jedwali la tarehe lililo pembeni, maana barabara nyingi hufungwa kwa msimu. Huenda ukaingia kihalali tarehe ya kufungua msimu wa kuwinda, kisha geti likafungwa kabla hujatoka.

Ramani hiyohiyo inakuonyesha wapi unaruhusiwa kuegesha gari kando ya barabara ili upige kambi, na kama msitu huo unaruhusu kutoka nje ya barabara kwenda kuchukua mnyama aliyekwisha kufa. Mara nyingi jibu ni hapana. Usitegemee maneno ya jirani wa kambini. Piga simu ofisi ya wilaya ya msitu huo na utaje namba ya barabara unayoitaka.

Kuna mambo mawili ya mipaka yanayowaponza wageni. La kwanza ni Wyoming: asiye mkazi wa jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya nyika iliyotengwa na serikali kuu bila kuongozana na mwongozaji mwenye leseni, au mkazi wa jimbo aliyechukua kibali cha kumwongoza bila malipo. La pili ni ardhi iliyokatwa kama ubao wa dama, vipande vya umma na vya watu binafsi vikipishana kwa pembe, urithi wa ruzuku za ardhi walizopewa wajenzi wa reli karne ya 19. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 10 iliamua, katika kesi iliyotoka Wyoming, kwamba mwenye ardhi hawezi kumzuia mtu anayevuka kwa mguu kwenye pembe, kutoka kipande cha umma hadi kingine, bila kuikanyaga ardhi yake. Uamuzi huo unashika pia Colorado, lakini Montana na Idaho haziko chini ya mahakama hiyo. Weka kwenye simu programu ya ramani inayoonyesha mipaka ya umiliki, na uipakue kabla hujaondoka mjini. Huko juu hakuna mtandao.

Kwa msomaji anayeishi Marekani kwa viza ya muda: sheria ya serikali kuu kwa kawaida inakukataza kuwa na bunduki, lakini leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo ni miongoni mwa mambo yanayokuondoa kwenye katazo hilo. Tembea nayo mfukoni. Anayetaka kuingia nchini na bunduki yake anahitaji kibali cha kuiingiza kutoka ATF, shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, kabla ya kusafiri.

Hatua ya 2: Chagua chombo kwa umbali, si kwa tamaa

Watafiti katika msitu wa majaribio wa Starkey, huko Oregon, wamewafuatilia wapiti tangu mwaka 1989, na moja ya waliyoyaona ni kwamba wanyama hao hujitenga na barabara zinazopitiwa na magari. Kila mwindaji mzee angekuambia hivyohivyo. Maana yake ni kwamba gari linakufikisha mlangoni, si chumbani. Mwenye kuzungukazunguka barabarani na pikipiki ya magurudumu manne anawinda mahali ambapo wanyama wamekwisha kuondoka.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. Ukipanga kuwinda hadi kilomita 3 kutoka barabara halali, na mko wawili au watatu wenye magoti mazima, gari na migongo yenu vinatosha. Kati ya kilomita 3 na 8, ingieni kwa miguu, lakini mtafute mapema mwenye farasi wa mizigo atakayekuja kuchukua nyama mkimwita. Kupita kilomita 8, au ndani ya nyika iliyotengwa kwa zaidi ya siku tatu, tegemea farasi tangu mwanzo.

Chaguo la katikati ndilo linalosahaulika, nalo ndilo lenye akili zaidi kwa mgeni. Anayebeba nyama za watu kwa malipo ndani ya msitu wa taifa anahitaji kibali cha Shirika la Misitu, na majimbo yana bodi au ofisi zao za kusajili waongozaji. Omba namba ya usajili na kibali, kisha uthibitishe mwenyewe. Mtafute miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa sababu wiki ya ufunguzi farasi wake wote huwa wamekwisha kuahidiwa. Mkubaliane kwa maandishi bei, namna ya kumfikia, na atachukua saa ngapi kufika. Mtu atakayekuja baada ya siku mbili kwenye joto hana msaada.

Wapo pia wanaokodisha kambi nzima: wanakuingiza na farasi, wanakuachia hema na jiko, kisha wanarudi siku mliyopatana. Unawinda peke yako bila mwongozaji. Ni gharama ya maelfu ya dola, lakini ukijumlisha bei ya kununua farasi, tandiko, trela, chakula cha mwaka mzima na mganga wa mifugo, utaiona ni nafuu. Kununua farasi kwa ajili ya wiki moja ya kuwinda ni uamuzi wa mtu anayependa farasi, si wa mtu anayependa nyama. Hakuna ubaya, ila lijue hilo kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 3: Liandae gari

Tairi ndizo za kwanza, injini ni ya pili. Tairi za kawaida za mjini huchanika ubavuni kwenye mawe yenye ncha, kwa hiyo tafuta tairi nzito zenye tabaka kumi na spea ya ukubwa uleule, si ile nyembamba ya dharura. Beba pampu ndogo ya umeme. Kwenye mawe na theluji laini, kupunguza upepo hadi takriban psi 20 hadi 25 hulipa gari mshiko na kukupunguzia mtikisiko, lakini lazima uujaze tena kabla ya kurudi lami.

Minyororo ya theluji nunua ya magurudumu yote manne, si jozi moja. Ifunge nyumbani mara kadhaa mpaka mikono iizoee, maana siku utakayoihitaji vidole vitakuwa vimekufa ganzi. Humo garini ziwemo pia koleo, shoka au msumeno wa miti, kamba ya kuvutia gari na vyuma vyake vya kufungia, winchi kama uwezo upo, jeki ya kuinua juu na ubao wa kuiwekea chini, blanketi, maji, na chakula cha siku tatu zaidi ya ulichopanga. Misitu mingi ya Colorado ilishambuliwa na mbawakavu wa magome, ikabaki na miti mikavu iliyosimama. Upepo wa usiku mmoja unatosha kuangusha mti mkubwa kati yako na lami, na hapo msumeno una thamani kuliko winchi.

Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 3,000 unaendesha na karibu theluthi moja pungufu, na mzigo ukiwa mzito utaiona tofauti. Gia za nguvu, zile za chini za magurudumu yote manne, nazo hunywa mafuta vibaya. Hesabu mafuta ya safari, kisha uyazidishe mara mbili. Wenye dizeli wahakikishe imewekewa dawa ya baridi, kwa sababu dizeli ya kiangazi huanza kuganda kama nta kwenye chujio baridi ikizidi.

Hatua ya 4: Endesha kama mtu atakayerudi

Barabara ya udongo ya mlimani ina saa zake. Oktoba huwa ngumu kama saruji alfajiri kwa sababu imeganda, kisha ifikapo saa tano au sita mchana jua likishaipiga hugeuka ugali wa matope unaomeza tairi. Panda mapema, shuka mapema, au ngoja jioni igande tena. Sehemu zinazotazama kaskazini hazipati jua, kwa hiyo utatoka kwenye vumbi na kukuta barafu kwenye kona inayofuata.

Weka gari kwenye gia za nguvu kabla ya kuanza mlima, si ukiwa umekwama katikati yake. Ukiteremka, iache injini ikushike kwa gia ya kwanza na uguse breki kidogokidogo tu. Breki zikianza kunuka, simama zipoe. Mkikutana na gari mahali pembamba, anayepanda ndiye mwenye haki ya njia, ila akili ikizidi haki, anayeweza kurudi nyuma kwa usalama ndiye anayerudi.

Ukiona sehemu inayokutia shaka, shuka utembee kwa miguu mpaka uione mwisho wake na mahali pa kugeuzia. Kwa wenye trela ya farasi hili ni lazima. Kugeuza trela kwenye barabara ya msitu isiyo na uwanja ni kazi ya nusu siku, tena farasi wakiwa wameshushwa na kufungwa kwenye miti.

Egesha pua ikielekea unakotoka, mbali na miti mikavu, na kamwe usiegeshe juu ya majani marefu makavu. Bomba la moshi la moto limewahi kuwasha mbuga kwa namna hiyo. Bunduki garini isiwe na risasi chemba. Colorado, kwenye pikipiki ya magurudumu manne, bunduki ndefu lazima iwe tupu kabisa na ndani ya mfuko uliofungwa. Kupiga risasi kutoka garini au kukatisha barabara ya umma usikufikirie.

Wewe mwenyewe pia una injini. Anayetoka pwani akalala usiku wa kwanza kwenye mita 3,000 anaweza kuamka na kichwa kinachopasuka na tumbo lisilotaka chakula. Lala usiku mmoja au miwili kwenye mita 1,500 hadi 2,000 kabla ya kupanda, na kunywa maji. Maumivu yakizidi, au mtu akianza kuyumba na kuchanganya maneno, dawa ni kushuka, hata kama ni usiku.

Hatua ya 5: Farasi, kuanzia tumboni

Watu hujifunza kupanda wakasahau kulisha. Farasi wa kilo 450 hadi 500 hula kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku na kunywa lita 20 hadi 40 za maji. Farasi wanne kwa siku saba wanakula kilo 224 hadi 280. Ukizibeba zote, unahitaji farasi wengine watatu au wanne wa kubeba chakula cha wale wanne, nao pia wanakula. Jibu ni kuwachunga kwa saa chache asubuhi na jioni pale panaporuhusiwa, na kuongezea chakula cha punje zilizoshindiliwa, ambacho ni kizito kwa nguvu na chepesi kwa nafasi. Waanzishie chakula hicho polepole nyumbani siku kumi kabla ya safari. Farasi hatapiki, na mabadiliko ya ghafla humletea msokoto wa tumbo unaoweza kumuua mbali na mganga yeyote.

Nyasi na punje ziwe zimethibitishwa kuwa hazina mbegu za magugu. Misitu ya taifa ya majimbo haya inalitaka hilo, na faini ipo. Ukivuka mpaka wa jimbo andaa cheti cha afya cha mganga wa mifugo na matokeo ya kipimo cha damu cha anemia ya kuambukiza ya farasi. Majimbo ya magharibi yana pia ukaguzi wa chapa za umiliki, kwa hiyo uliza kila jimbo utakalopita.

Fundi wa kwato amwone farasi wiki moja au mbili kabla. Kiatu kilicholegea mjini kitang'oka mlimani. Beba kiatu cha mpira cha kuvalisha kwato kwa dharura.

Nyumbu wa mizigo, yule anayezaliwa na punda dume na farasi jike, ana kwato ngumu, hali chakula ovyo, na hakanyagi mahali asipopaamini. Wapagazi wengi wa Idaho na Montana wanampenda kuliko farasi. Mgeni akikodi, amchukue mnyama mzee, mtulivu, aliyewahi kubeba nyama, sura yake iweje. Farasi kijana mzuri ni wa mashindano.

Hatua ya 6: Funga mzigo

Mnyama mwenye afya abebe takriban asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Kwa farasi wa mizigo hiyo ni kilo 65 hadi 70 za mzigo wenyewe. Kuna aina mbili za tandiko la mizigo utakazokutana nazo: lenye misalaba ya mbao, na lile la Decker, lenye vyuma vya duara, ambalo ni maarufu Idaho. Mgeni ni bora atumie sogi ngumu za plastiki zinazoning'inia pande zote mbili, kwa kuwa hazidai mafundo mengi.

Siri yote ni mizani. Beba mizani ndogo ya kuning'iniza na upime kila sogi kabla ya kuiinua. Tofauti ya upande na upande isizidi kilo moja au mbili. Mzigo usiolingana hupinda tandiko, tandiko huchubua ngozi, na kufikia siku ya tatu una mnyama asiyebebeka. Vitu vizito weka chini na karibu na mwili wa mnyama. Visivyotakiwa kugongana vifungie nguo. Kitu kinachogongagonga, kama sufuria na mfuniko wake, kitamtisha farasi mpaka autupe mzigo wote bondeni.

Kaza ukanda wa tumbo, tembea dakika kumi, kisha kaza tena, maana wengi wao huvuta pumzi unapowafunga mara ya kwanza. Mkanda wa kifuani huzuia tandiko lisirudi nyuma mkipanda, na wa nyuma ya mapaja huzuia lisije shingoni mkishuka. Yote miwili ni ya lazima milimani.

Wanyama wa mizigo huunganishwa mmoja nyuma ya mwingine kwa kitanzi cha kamba nyembamba inayokatika. Mmoja akianguka kutoka njiani, kamba ikatike, asiwavute wenzake. Kwa sababu hiyohiyo usiizungushe kamba ya kuongozea mkononi mwako, wala kuifunga moja kwa moja kwenye tandiko unalokalia.

Hatua ya 7: Njiani

Kwa mlima na mizigo hesabu kilomita 4 au 5 kwa saa. Vaa kiatu chenye soli isiyo na meno makubwa ili mguu usinase kwenye rikabu. Kwenye mteremko mkali shuka utembee. Farasi atakushukuru, na magoti yako pia. Bunduki iwe haina risasi chemba ndani ya ala yake, na kila unaposhuka ichukue. Farasi aliyekimbia na bunduki yako ni hadithi ya kuchekesha kwa wengine tu. Dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu nayo ikae mwilini mwako, si kwenye tandiko, kwa sababu hiyohiyo.

Mkikutana na watembea kwa miguu, waombe wasimame upande wa bondeni na wazungumze kwa sauti ya kawaida, farasi ajue ni binadamu. Kinamasi kizungukeni au mpime kina kwa fimbo. Kwenye mto fungua mikanda ya mkoba wako mgongoni.

Msimu wa bunduki Colorado vaa rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, inchi 500 za mraba, pamoja na kofia. Mfungie na farasi kitambaa cha rangi hiyo, hasa akiwa wa kahawia. Kutoka mbali, jioni, mgongo wa farasi na wa wapiti hautofautiani sana.

Hatua ya 8: Kambi na wanyama

Weka kambi chini ya mstari wa mwisho wa miti, ambao Colorado uko karibu na mita 3,500, na mbali na miti mikavu. Wanyama wafungwe mita 60 kutoka kwenye maji na njia. Vuta kamba moja kati ya miti miwili, juu kidogo ya vichwa vyao, ukitanguliza mikanda mipana ili magome yasichubuke. Kamba ya kila farasi iwe na urefu wa kumfikisha mdomo chini bila kumwachia kitanzi cha kukanyaga.

Ukiwaachia kuchunga, wafunge miguu ya mbele na umfungie kiongozi wao kengele. Usiwaachie wote kwa wakati mmoja. Farasi akipata nafasi huelekea alikotoka, kwa hiyo wachungie upande wa ndani wa kambi, walazimike kupita kambini wakitaka kukimbia nyumbani.

Montana, kaskazini-magharibi mwa Wyoming na sehemu za Idaho kuna dubu grizzly. Amri za kuhifadhi chakula hutaka kila chenye harufu, pamoja na nyama ya mnyama na punje za farasi, kifungiwe kwenye sanduku lililoidhinishwa au kining'inizwe angalau mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina. Colorado wapo dubu weusi tu, lakini nao wanajua harufu ya siagi.

Hatua ya 9: Itoe nyama

Mnyama akianguka, kazi ni kuipoza nyama, na farasi wasubiri mbali. Ondoa ngozi mara moja, tenga mapaja na mabega, tia katika mifuko ya kitambaa inayopumua, tundika kivulini penye upepo. Usitie kwenye plastiki. Colorado inataka ushahidi wa jinsia ubaki umeshikamana na nyama, na majimbo yote manne yanakataza kuiacha nyama inayolika.

Farasi wengi huogopa harufu ya damu. Mpake mafuta ya mentholi puani, mfunike macho kwa koti wakati wa kupakia, na mtu mmoja asimame kichwani pake akimsemesha. Wapiti mmoja anawatosha wanyama wawili: paja kila upande kwa wa kwanza, mabega na nyama za mgongo kwa wa pili. Mapaja yawe yamepimwa kama sogi. Pembe zifungwe juu kabisa, ncha zikitazama nyuma na mbali na mwili wa mnyama, kila ncha ikiwa imevishwa kipande cha mpira au kitambaa kizito. Ncha moja ikimchoma mbavuni, mtakusanya nyama bonde zima.

Mkirudi mahali palipolala mzoga kuchukua mzigo wa pili, fikeni kutoka juu au mahali mnapoweza kupaona kwa mbali, mkipiga kelele. Dubu akiwa amekwisha kuufunika kwa udongo, ni wake. Rudini, mtoe taarifa kwa askari wa wanyamapori.

Mkifika garini, nyama iende kwenye masanduku ya barafu yaliyofunguliwa tundu la kutolea maji, au moja kwa moja bucha kwenye chumba cha baridi cha karibu nyuzi 4. Kabla hamjavuka mpaka wa jimbo, angalieni sheria za ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Majimbo mengi hayapokei ubongo wala uti wa mgongo, kwa hiyo fuvu lenye pembe lazima lisafishwe huko huko. Idara za wanyamapori hupokea vichwa kwa uchunguzi. Usigawe nyama kwa ndugu kabla majibu hayajatoka.